No Man's Sky kwa wachezaji wa Lubumbashi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kusonga mbele

Maswali haya ndiyo yanayonifikia zaidi kutoka kwa wachezaji wa hapa mjini, wa mitaa ya Katuba, Kenya na Kampemba, pamoja na wanafunzi wa chuo kikuu wanaocheza usiku kwenye kompyuta zao. Wengi hukwama sehemu zilezile, halafu wanauacha mchezo kabla haujawaonyesha uzuri wake. Majibu yote yanahusu hali ya kawaida ya mchezo, si ile ngumu ambamo ukifa mara moja unapoteza kila kitu.

Kwa nini No Man's Sky na si mchezo mwingine wa anga?

Sababu ya kwanza ni uzito wake. Starfield, ambao wengi wanauulizia, unadai nafasi ya GB 125 kwenye diski ya SSD. No Man's Sky kwenye kompyuta unaomba nafasi ya GB 15. Kwa mtu anayepakua kwa vifurushi vya simu, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama atacheza au hatacheza. Tena unapatikana hata kwenye konsoli kama PS4 ya zamani na Switch.

Sababu ya pili ni mchezo wenyewe. Ulitengenezwa na Hello Games, kampuni ndogo ya Guildford, Uingereza, ukatoka Agosti 2016. Ulipotoka ulishutumiwa vikali kwa sababu mambo mengi yaliyoahidiwa hayakuwemo. Tangu hapo waliendelea kuujenga kwa masasisho makubwa ya bure: ujenzi wa kambi, kucheza pamoja, vijiji vya kuongoza, bahari zenye kina. Aliyeununua siku ya kwanza hakutozwa chochote kwa hayo yote. Sayari zake zinatengenezwa kwa hesabu za kompyuta, na idadi yake inazidi bilioni 18 mara bilioni moja. Hakuna atakayezimaliza, kwa hiyo ondoa wazo la kuzimaliza.

Lazima niwe na intaneti muda wote?

Hapana. Hadithi kuu, biashara, kambi, meli na uvumbuzi vyote vinachezeka bila mtandao. Intaneti utaihitaji kwa masasisho, kwa kucheza na wenzako, na kwa ile misafara ya muda maalumu ambayo kampuni huitoa mara kwa mara. Ukiwa na kifurushi kidogo, kitumie kusasisha, kisha zima mtandao ucheze kwa amani.

Umeme ukikatika nikiwa katikati ya safari, ninapoteza kila kitu?

Unapoteza kile ulichofanya tangu mchezo ulipohifadhi mara ya mwisho. Kwa hiyo jizoeze jambo moja: kila unapotua, shuka chomboni. Mchezo huhifadhi mara tu miguu inapogusa ardhi, na utaona alama yake ikizunguka pembeni mwa skrini. Usizime konsoli wala usihame chumba hadi ile alama ipotee. Ukiwa mbali na chombo chako, ndani ya pango kwa mfano, unaweza kujenga kifaa kidogo cha kuhifadhia, ukakibonyeza kabla ya kuendelea. Kinagharimu malighafi kidogo tu, na kwa mji wetu ningekiita kifaa cha lazima.

Kuna habari njema pia. Mambo kadhaa ya mchezo huu yanafuata saa ya ukutani, si saa ya mchezo. Mimea uliyoipanda inakua wakati konsoli imezimwa. Mashine za kuchimba madini zinaendelea kujaza maghala. Frigeti, zile meli ndogo zinazofuatana na meli yako kubwa, ulizozituma safarini zinaendelea na safari. Mtu anayepata umeme saa tatu kwa siku hapungukiwi na haya: anafungua, anavuna, anatuma tena, anafunga. Ninashangaa kwamba wachezaji wetu wengi hawatumii upande huu, wakati unatufaa sisi kuliko watu wa miji yenye umeme usiokatika.

Kiingereza changu ni kidogo. Nitaweza?

Utaweza. Mchezo una Kifaransa kamili, kwa hiyo ubadilishe lugha kwenye mipangilio kabla ya kuanza. Kiswahili bado hakimo. Hapa chini ninatumia majina ya Kiswahili kwa vitu vya kawaida. Oksijeni, kaboni, sodiamu na kobalti utazitambua katika lugha yoyote.

Nimezinduka kwenye sayari inayoniua kwa joto. Nifanye nini dakika za kwanza?

Tazama mistari miwili. Mmoja ni wa uhai, unajazwa kwa oksijeni, ambayo utaichuma kwenye mimea myekundu. Mwingine ni wa kinga dhidi ya joto, baridi, sumu au mionzi, unajazwa kwa sodiamu, ambayo imo kwenye mimea ya njano. Skana yako imeharibika, na kinachoitengeneza ni vumbi la feriti, utakalolipata kwa kuvunja mawe yoyote yaliyo karibu. Ukishaitengeneza, mimea hiyo itaonyeshwa kwa alama kwenye skrini.

Dhoruba ikija, usikimbie uwandani. Ingia pangoni, au ingia ndani ya chombo chako hata kama bado kimeharibika. Huko kinga inajijaza yenyewe bila kula sodiamu. Baadaye ukipata kifaa cha kuchimba ardhi, unaweza kujichimbia shimo popote ulipo ukasubiri humo.

Ukifa, usikate tamaa. Mizigo yako inabaki kaburini mahali ulipoangukia, na alama itakuonyesha njia ya kuirudia.

Nitumie pesa zangu za kwanza kwa nini: chombo kizuri, silaha au suti?

Suti, yaani vazi lako la anga linalobeba mizigo. Kisha skana. Chombo mwishoni kabisa.

Ninajua jibu hili haliwapendezi vijana. Mtu anaingia kituo cha anga, anaona chombo chekundu chenye mabawa makubwa kinatua, na anataka kukusanya milioni kadhaa za yuniti, pesa za mchezo, akinunue. Anakipata baada ya jasho jingi, kisha anagundua kwamba bado ana nafasi chache za mizigo mgongoni, kwamba kila dakika kumi anatupa kitu ili aokote kingine. Kinachomchelewesha mtu katika mchezo huu ni mizigo. Kila unachotaka kujenga kinadai vitu vitatu au vinne tofauti, na kila kimoja kinakaa kwenye nafasi yake.

Kwa hiyo fanya hivi. Kila mfumo wa nyota wenye wakazi una kituo cha anga, na katika kila kituo kuna mahali pa kununua nafasi moja ya suti. Nafasi ya kwanza ni rahisi sana, ya pili inapanda kidogo, na bei inaendelea kupanda kila unaponunua. Ukiingia kituo kipya, nenda hapo kabla ya kwenda popote. Anomali, kile kituo cha duara unachoweza kukiita baada ya kufungua hadithi yake, nayo hukuuzia nafasi nyingine. Na kwenye sayari kuna vibanda vilivyoachwa ambavyo ukivitengeneza vinakupa nafasi bila kulipa yuniti hata moja. Mchora ramani wa kituoni atakupa ramani ya kuvifikia vibanda hivyo kwa kubadilishana na data za uelekezaji, zile unazookota ovyo kwenye majengo ya sayari.

Baada ya wiki mbili za kufuata utaratibu huu utakuwa unatembea kwa muda mrefu bila kutupa kitu, wakati mwenye chombo chekundu bado anahesabu kaboni.

Na skana inaleta faida gani?

Inaleta yuniti, tena nyingi. Ukiinua ile miwani ya uchunguzi ukamlenga mnyama, mmea au jiwe lisilosajiliwa, mchezo unakulipa. Mwanzoni ni malipo madogo, na ndiyo maana watu wanapuuza. Lakini fundi wa zana kituoni anauza moduli za skana, vipande vya kuiongezea nguvu, kwa nanaiti, ambayo ni sarafu nyingine ya mchezo, na moduli za daraja la S, la juu kabisa, huongeza malipo hayo kwa maelfu ya asilimia. Ukiwa na tatu, mnyama mmoja tu anaweza kukulipa laki kadhaa. Tatu ndiyo idadi ya juu kwa kila aina ya kifaa. Ya nne haitakubalika.

Tafuta sayari yenye wanyama wengi na hali ya hewa ya kawaida, tua, zunguka polepole. Ukisajili wanyama wote wa sayari moja unapewa nanaiti juu yake. Sijaona njia ya kwanza ya pesa iliyo safi kuliko hii: huui, huibi, huhitaji mtaji, na unajifunza sayari yenyewe.

Je, ni kweli kobalti inatajirisha?

Ni kweli, na swali hili linanifurahisha kwa sababu watu wa Katanga wana haki ya kulijibu kuliko mtu mwingine yeyote duniani.

Katika mchezo, kobalti inapatikana mapangoni. Ingia, washa taa, tazama juu: ile miamba inayoning'inia kwenye dari na mingine inayochomoza sakafuni ndiyo yenyewe. Pango moja refu linakujazia mamia kwa dakika chache. Ukiitia kwenye tanuru ya kusafishia, kobalti mbili zinakupa moja iliyosafishwa, yenye thamani kubwa zaidi.

Sasa tazama namna soko linavyofanya kazi. Kila bidhaa kwenye mashine ya biashara ina asilimia inayoonyesha iko juu au chini ya bei ya wastani. Ukiuza kobalti chache, asilimia haisogei sana. Ukiuza maelfu kwa mpigo, inaporomoka. Mchezaji anayeanza anaogopa. Mchezaji anayeelewa anafurahi, kwa sababu sasa kituo kilekile kinauza kobalti kwa bei ileile iliyoporomoka. Ananunua tena yote aliyouza, pamoja na ile iliyokuwamo dukani, kwa sehemu ndogo ya pesa alizopokea. Kisha anaingia kwenye lango la usafiri la kituo, anatokea mfumo mwingine ambako bei haijaguswa, anarudia. Vituo vyote ulivyowahi kutembelea vinaunganishwa na lango hilo, na kulipita ni bure. Ukishapita vituo vitano au sita, unarudi cha kwanza na kukuta bei imeanza kupona.

Hapa nyumbani tumeliona jambo hili kwa ukubwa wake halisi. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani, na soko lilipojaa bei ikaanguka, hata Februari 2025 serikali ikasimamisha kuiuza nje kwa miezi minne, kisha ikaongeza muda. Sababu ni ileile: bidhaa ikizidi sokoni, muuzaji anapoteza sauti juu ya bei. Kijana aliyekua akisikia mazungumzo hayo mezani kwa baba yake anaielewa mashine ya biashara ya No Man's Sky mara moja, bila video ya maelezo. Tofauti ni kwamba katika mchezo anayeangusha bei ndiye pia anayenunua, na kwa mara moja faida inabaki mikononi mwa yule aliyeingia pangoni.

Klorini je?

Ukishafungua tanuru ya kati yenye milango zaidi ya mmoja, changanya klorini kidogo na oksijeni, utapata klorini nyingi kuliko uliyoweka. Rudia hadi tanuru ijae. Ni njia nzuri, ila inachosha vidole. Ninaipendekeza kwa mtu anayesikiliza redio huku akicheza.

Mafuta ya kuruka kutoka ardhini yananiishia kila wakati.

Kwa sababu unatua popote. Chombo cha kawaida hutumia robo ya tangi kila kinaporuka kutoka ardhini. Lakini ukitua kwenye uwanja wenye jukwaa, kwenye kituo cha biashara au ndani ya kituo cha anga, kuruka hakugharimu chochote. Panga safari zako kwa majukwaa. Na badala ya kuruka mita mia tatu kwenda jengo la jirani, tembea, maana njiani utasajili wanyama.

Ili utembee haraka: kimbia, piga ngumi hewani, na papo hapo washa injini ya mgongoni. Ngumi inakusukuma, injini inashika ile kasi. Ukishazoea, hutatembea tena kwa njia nyingine.

Kwa nini nyota nyekundu, kijani na buluu zinanikatalia?

Injini yako haijakamilika. Nyota za njano zinafikika tangu mwanzo. Nyekundu zinadai kifaa cha kadimiamu, kijani kifaa cha emerili, buluu kifaa cha indiamu. Michoro yake inauzwa ndani ya Anomali kwa nanaiti. Faida ya kwenda huko ni metali. Mifumo ya njano ina shaba, na shaba mbili kwenye tanuru zinatoa metali moja ya kromatiki, ambayo utaihitaji kila siku. Kadimiamu moja inatoa moja. Emerili mbili zinatoa tatu. Indiamu moja inatoa mbili. Yaani kazi ileile ya kuchimba, katika mfumo wa buluu, inakupa mara nne ya ile ya mfumo wa njano.

Nimeokoa meli kubwa ya mizigo na nahodha ananipa bure. Nikubali?

Si lazima. Baada ya kuruka mifumo kadhaa na kucheza kwa saa chache utakuta meli kubwa inashambuliwa na maharamia. Ukiwashinda, nahodha anakukabidhi meli nzima. Wengi wanapokea papo hapo kwa furaha. Tazama kwanza daraja lake, kuanzia C hadi S, na umbo lake kama linakupendeza. Ukikataa hupotezi haki yako: vita vingine vitakuja, na ile ya kwanza utakayoikubali bado itakuwa bure. Mimi ningengoja angalau daraja B. Lakini kama huna mahali pa kuweka mizigo na unateseka, pokea hata ya C, kwa maana ghala unalolipata leo lina thamani kuliko meli nzuri ya mwezi ujao.

Ukishaipata, anza kununua frigeti, moja moja. Unazituma safari za uvumbuzi, biashara, viwanda au vita, kila moja ikidai mafuta yanayotengenezwa kwa tritiamu na di-hidrojeni. Tritiamu ni ile unayoipata kwa kupiga vimondo angani. Hizi ndizo safari nilizosema zinaendelea hata umeme ukienda.

Nanaiti nazipata wapi?

Kwa kusajili wanyama, kwa misheni za kituoni, na kwa kumuuzia fundi moduli usizozihitaji. Pia kwenye baadhi ya sayari kuna mafungu ya mipira mikubwa inayobingirika ukiipiga risasi. Inatoa ukungu wa aina ya kuvu, ambao ukiutia tanuruni, vipande vitano vinakuwa nanaiti moja. Inaonekana kidogo, lakini fungu moja lina vipande vingi na baadaye linaota tena. Jenga kambi ndogo karibu nalo.

Moduli niziweke wapi?

Ziweke zile za kifaa kimoja zikigusana, rangi ya mpaka itabadilika kuonyesha kwamba zinasaidiana. Kisha angalia nafasi zinazong'aa kwa rangi tofauti kwenye suti, zana na chombo: moduli ikiwekwa hapo nguvu yake inaongezeka sana. Usizipoteze kwa kuweka vitu vya kawaida.

Sentineli, zile roboti zinazolinda sayari, wananifukuza. Nipigane?

Mwanzoni, hapana. Vunja mstari wa macho yao, ingia pangoni au jichimbie, subiri waache kutafuta. Wakikufuata angani, kimbilia kituo cha anga. Ukiingia, msako unakwisha. Ukishapata silaha nzuri, rudi uwatafute mwenyewe, kwa sababu kuna sayari zenye vyombo vyao vilivyoanguka, na unaweza kukitengeneza kimoja bila kulipa yuniti. Usipokipenda, kipeleke kituoni kikavunjwevunjwe, utapewa mamilioni.

Nifuate hadithi au nizurure?

Fuata misheni ya mwanzo mpaka ufungue Anomali na ujenzi wa kambi, bila kukwepa hatua. Inafundisha mambo ambayo mchezo hauyaelezi mahali pengine. Baada ya hapo zurura kadiri unavyotaka, hadithi itakungoja.

Unapozurura, ongea na kila mtu. Kuna Gek wafanyabiashara, Korvax wasomi na Vy'keen wapiganaji, kila kabila lina lugha yake, na unajifunza neno moja kwa kila mazungumzo au kwa kila jiwe la maarifa unaloligusa. Sisi tunaoishi mji ambamo mtu anaanza sentensi kwa Kiswahili, anaipitisha kwenye Kifaransa na kuimaliza kwa Kibemba au Kiluba, tunaizoea sehemu hii upesi. Usibahatishe majibu kwa haraka: kadiri maneno yanavyoongezeka, ndivyo unavyochagua jibu linalokupa zawadi badala ya kipigo.

Tuko watu wawili na konsoli moja. Tunaweza kucheza pamoja?

Kwa wakati mmoja kwenye skrini moja, hapana. Mchezo haugawi skrini. Kila mmoja afungue akaunti yake kwenye konsoli ili asiguse mchezo wa mwenzake, kisha mpeane zamu. Ili mkutane kwenye sayari moja, tumieni malango ya kale. Anwani ya sayari ina alama 12, zinazochaguliwa kati ya 16. Alama unazipata kwa Wasafiri, wale wageni utakaowakuta vituoni: mpe nanaiti, muulize alikotoka, nenda kwenye kaburi atakalokuonyesha. Mkishakuwa nazo zote, mdogo wako akiipenda sayari fulani atakuandikia alama zake 12 kwenye karatasi, na wewe utatokea kwenye lango la sayari ileile.